Ng'e wa Gando Moja

Jumanne, baada ya magharibi. Muscat leo tangu asubuhi mbingu ina rangi ya vumbi, hewa imesimama, na ukitazama upande wa Matrah hujui bahari imeishia wapi. Nimejifungia chumbani. Nyumba nzima inanuka ubani.

Huo ubani nitaueleza. Lakini niachieni nianze na asubuhi, maana nikianza na mwisho nitalia na sitaandika kitu.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: nnafanya kazi kwenye jumba moja la makumbusho hapa mjini. Jina silitaji, msinitafutie balaa. Kazi yangu ni kuviuliza vitu vya kale suala ambalo binadamu ukimuuliza anakasirika: kabla ya kuja hapa ulikuwa wa nani? Na kabla ya huyo? Mama yangu huwaambia wageni kwamba mwanawe analipwa kuwafanyia umbea mawe. Wageni hucheka, na mie hucheka nao.

Safari hii nimepewa vito. Vijiwe vidogo, kikubwa chao ni kama kokwa ya tende, akiki nyekundu vingi vyao, vya kale kabla ya Uislamu, vimechongwa picha kwa kuchimbwa ndani ya jiwe: simba, ndege, mtu wa ndevu. Wenyewe zamani walivitumia kupigia mihuri. Katupatia bwana mmoja wa Ulaya, na pamoja navyo katupatia historia yao: vimo ndani ya familia yake tangu enzi za babu wa baba yake, havijawahi kutoka kwenye kabati la nyumba yao. Jumapili maonyesho yanafunguliwa. Kilichobaki ni saini yangu kwamba historia hiyo ni ya kweli.

Sasa, kito cha namna hii huwezi kukijua kwa kukitazama tu. Jiwe linakuficha. Lazima ulibonyeze kwenye udongo laini, ndipo picha inapokutokea, imeinuka, imegeuka, ya kulia imekuwa ya kushoto. Ndiyo shughuli niliyokuwa nayo leo, chai yangu ya maziwa pembeni, sina hili wala lile. Simba, nabonyeza. Ndege, nabonyeza. Nikafika kwenye kijiwe cha mwisho, cha rangi ya damu iliyokauka, nikabonyeza.

Ng'e.

Ng'e wa gando moja. Gando la kushoto limemeguka, na pale lilipomeguka pana kijitundu kidogo kama kimechomwa kwa sindano. Mkia umejikunja juu. Wallahi nilimjua ng'e yule kabla sijaliondoa jiwe sawasawa.

Nilishamnywa.

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa na pete ya fedha yenye akiki. Mama yake aliondoka nayo Oman kwenda Unguja, na Bibi akarudi nayo kutoka Unguja kuja Oman, iko kidoleni. Na alikuwa na dawa yake. Mtoto akiumwa na ng'e, Bibi huchukua tonge ya ubani, akaipasha moto pembeni mwa chetezo mpaka ilainike, akaipiga muhuri wa pete yake. Ikipoa huitia kwenye kikombe cha maji kidogo tu, akaitoa, na wewe ukayanywa yale maji. Kidonge hicho cha ubani ni chako maisha. Baba alikuwa akitupeleka hospitali vile vile, hakuna aliyefanya mchezo. Bibi mwenyewe alisema, "Hospitali ni ya sumu. Ubani ni wa khofu."

Mie niliumwa unyayoni, uani, nikiwa mdogo sana. Kidonge changu nimekihifadhi miaka yote ndani ya kikopo cha bati juu ya kabati la nguo. Ng'e wa gando moja, na kijitundu chake.

Basi huyo ng'e aliyekaa ndani ya kabati la Ulaya tangu enzi za babu wa baba yake mtu, nimemuona kwa macho yangu kidoleni kwa Bibi, ananikandia mandazi. Fedha ya pete imetolewa, jiwe limebaki uchi, likaandikiwa ukoo mwengine. Nikaitazama sahani nzima. Na huyu simba je? Na ndege? Na mtu wa ndevu? Hao nao walitoka kwenye vidole vya nani, au kwenye makaburi ya nani, na nani aliyewalilia? Nilihisi wote wananitazama mie, wananingoja.

Nikenda kwa mkuu wangu, Ustadh Haitham. Mtu mpole, hapandishi sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaichukua sahani mezani kwangu na kuifungia kwenye kabati la ofisini kwake. Kisha akaniambia kwa upole ule ule kwamba ng'e ni wengi duniani. "Niletee hicho kidonge kesho asubuhi, tukilinganishe na jiwe. Kikifanana, nitasimamisha kila kitu, nakuahidi. Usipokileta, utatia saini." Nimeshafika mlangoni akaongeza, "Na ukumbuke, ukhti, tutauliza pia lilitokaje kwenu."

Hapo nikamkumbuka Harriet.

Harriet alikuwa msichana wetu wa kazi, Mganda, kutoka vijiji vya huko Masaka. Mkristo, mcheshi, akicheka jirani wanajua. Bibi alimwita Hariri, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Walikaa jikoni wawili hao wakichambua mchele na kutusengenya sote. Siku moja Harriet akaumwa na ng'e akianua nguo, na Bibi akampigia ubani muhuri kama alivyotufanyia wajukuu. Mama alinuna siku ile, nnakumbuka. Nilidhani amenuna kwa sababu ya ule usawa.

Baadaye, mie niko masomoni nje, pete ikapotea. Nikaambiwa kwa simu kwamba Harriet kaiba, na ile ofisi iliyomleta imeshamchukua, imeshamrudisha kwao. Niliporudi, Bibi alikuwa mgonjwa, anasahau sahau, lakini hilo hakulisahau. Alinihadithia mara nyingi, kila mara vile vile: "Wakalimwaga begi lake pale uani, mbele za watu, mpaka nguo zake za ndani. Pete haimo. Kikaanguka kidonge changu. Nikakiokota, nikamtia mkononi, nikamfumba vidole. Nikasema, hiki nimempa mie, na huyu si mwizi. Nani atamsikiliza kizee asiyejua kama ameshaswali?"

Mpaka anakufa walikuwa wakizungumza kwa simu, yeye na Hariri wake, kwa siri. Namba alinipa mie. "Iweke, mjukuu wangu. Iko siku."

Haya, sasa sikilizeni ujinga wangu. Mchana, nimetoka kwa Ustadh Haitham, nilimpigia simu Mama. Nilidhani nnampa habari njema! Nikamwambia Mama, pete ya Bibi imeonekana, jiwe liko kazini kwangu, na kidonge changu cha ubani ndio ushahidi, kesho nnakwenda nacho. Niliyasema yote kwa pumzi moja kama mtoto aliyeshinda mtihani.

Nikasikia misbaha yake ya uradi tu, punje kwa punje.

Halafu akaniuliza, "Nani mwengine anajua?"

Hakuuliza imeonekana wapi. Hakuuliza nani alikuwa nayo. Mtu aliyeibiwa, jamani, si hayo ndiyo anayouliza kwanza? Nilikuwa barabarani, karibu na Ghala, magari yamesongamana, na jasho likanitoka na kiyoyozi kinawaka. Nilijiambia acha wasiwasi wewe, Mama kashituka tu. Nikaendesha kuja nyumbani Ansab nikisoma kila dua niijuayo.

Harufu ilinipokea getini.

Si harufu ya ubani wa jioni, ule wa kufukiza nguo na kuwakaribisha malaika. Huu ulikuwa mzito, moshi umejaa mpaka varandani. Mama alikuwa amekaa sebuleni juu ya mkeka, chetezo mbele yake, misbaha mkononi. Ubavuni pake kikopo changu cha bati. Kifuniko kimewekwa pembeni vizuri, kama anavyoweka kila kitu. Kikopo kitupu.

Nilichungulia kwenye chetezo. Kidonge changu kilikuwa kimeshayeyuka, kimebaki kitu cheusi kinatoa povu juu ya makaa.

"Kaa," akaniambia. Nikakaa. Ningefanya nini?

"Mie ndiye niliyeitoa ile pete," alisema. "Nilimpa mtu Matrah, nikamwambia fedha aiyeyushe, jiwe alitupe baharini. Sikuchukua hata baisa moja." Macho yake yako kwenye makaa. "Ng'e, mwanangu. Sanamu ya ng'e, na watu wanakunywa maji yake ndani ya nyumba inayoswaliwa. Nilimsikia sheikh akisema, nisipate usingizi. Bibi yako keshazeeka, kesho keshokutwa anakwenda kaburini na shirki kidoleni. Nilimuogopea."

Namuamini. Hili ndilo linaloniumiza, kwamba namuamini. Mama yangu hajapata kutamani cha mtu.

"Na Harriet?" nikamuuliza.

Misbaha ikasimama.

"Bibi yako aliamka anaiulizia, analia, nyumba nzima imesimama. Baba yako ananitazama mie. Nilisema neno moja tu."

"Neno gani, Mama?"

"Nilisema, muulizeni msichana."

Neno moja tu! Kwa neno hilo mtu alimwagiwa begi lake uani, akarudi kwao na jina la mwizi, na hakuna nyumba iliyomuajiri tena huku. Shirki ya kijiwe Mama aliiona. Buhutani ya ulimi wake mwenyewe, kumsingizia asiye na hatia, hakuiona, wala leo sina hakika kama anaiona. Nilimwambia hivyo hivyo, na mie sijapata kumpandishia Mama sauti maisha yangu. Aliongeza tonge nyengine ya ubani kwenye makaa, akasema nikoge, nimetoka na jua.

Bibi alikuwa na msemo wake akiingia nyumba yenye ugomvi uliofichwa: la kuvunda halina ubani. Leo nimeuelewa kwa pua.

Na kesho asubuhi Ustadh Haitham atanyoosha mkono. Nikenda mikono mitupu, nitatia saini, na Jumapili ng'e wa Bibi ataingia kwenye kioo na kijikaratasi cha ukoo wa watu wengine, na wenzake wote pamoja naye. Hakuna atakayeuliza tena. Mama anajua hivyo. Ndiyo maana sasa hivi yuko jikoni anakaanga samaki kwa raha zake, na amenigongea mlango kwa sauti ya kawaida kabisa kuniuliza kama nitakula wali au mkate. Sijui kwa nini, lakini kugonga kule kulinitisha kuliko moshi. Niliitikia "wali," kama hakuna kilichotokea.

Lakini Mama amesahau kitu. Au hajasahau, anaomba tu nisikikumbuke mie.

Binamu zangu vidonge vyao vilishapotea zamani, nimewauliza wote kwa simu sasa hivi. Kuna mmoja tu duniani ambaye nnajua alitoka hapa na chake, amefumbwa vidole na Bibi mwenyewe. Yuko Masaka, na picha ya kidonge kwa simu ingenifikia usiku huu huu. Huko saa hizi jua ndiyo kwanza linazama.

Namba iko mbele yangu. Nimeiandika, nimeifuta, nimeiandika. Nitasema nini? Nikianza na kidonge, nitakuwa mtu mwengine wa nyumba hii anayetaka kitu kwenye begi lake. Nikianza na samahani, samahani hiyo si yangu kuitoa, na mwenye nayo anageuza samaki. Na nikipata ushahidi, kesho nitaulizwa lilitokaje kwenu, na jina nitakalolitaja ni la mwanamke aliyenizaa. Nampenda Mama yangu. Nimeandika hivi ili nikija kusoma tena nisijisingizie nilikuwa na hasira tu.

Nimeamua. Nnakwenda jikoni. Nitaipiga namba ya Harriet, nitaifungua sauti tusikie sote, nitaiweka simu pale mezani baina ya vitunguu na ndimu, na mie nitafumba mdomo. Mama alisema neno moja tu siku ile. Leo nnataka aseme la pili.

Na Harriet akiitika "halo," na Mama akanyamaza, nitafanya nini?