Mkia wa Simba wa Babu

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele.
Jumapili, 9 Juni.

Kaka mpendwa,

Habari za huko ugenini? Kifua chako kimepona? Shemeji na watoto wazima? Huku tu wazima, tunazoea polepole. Bado natoa vikombe viwili vya chai, kisha nakirudisha kimoja kabatini. Usijilaumu kwa kutowahi maziko. Mama alijua uko mbali.

Nimeanza kupanga vitu vyake. Chini kabisa ndani ya sanduku nimeikuta tarbushi ya Babu, ile nyekundu ya vitani, yenye simba wa uzi wa dhahabu. Unakumbuka alivyotutania: "Kofia hii imelalia mawe mengi kuliko mito mliyolalia nyinyi." Alisema askari walijifunika uso kwa tarbushi wakilala, na aliyekufa alifunikwa kwa yake vivyo hivyo.

Makumbusho wanaiomba. Alikuja dada mmoja mpole, amevaa glavu nyeupe. Aliikagua, akasema mkia wa simba si wa zamani, umeshonwa kwa uzi wa pamba. Wangependa kuufumua na kuutarizi upya, kofia irudi kama walivyoivaa wale askari.

Ule mkia ni wa Mama. Panya waliutafuna ule wa kwanza gwaride la askari wastaafu likiwa karibu, naye akaushona kwa uzi wa manjano uliobaki aliposhona nembo ya shati lako la shule. Ukatoka mnene, umesimama wima. Wazee wenzake wakamcheka Babu: "Afande, simba wako ana mkia wa paka." Akawajibu, "Aliyemshona paka huyu ndiye anayenipikia." Akaivaa hivyo mpaka alipofariki, na hata baadaye Mama aliendelea kuukazia uzi kila ulipolegea.

Nikamsimulia yule dada. Nikamwambia kofia naitoa, maana wale askari wengi hawana hata kaburi, ila mkia usiguswe. La sivyo, ibaki sandukuni. Akavua glavu, akaupapasa kwa kidole. "Basi simba abaki na mkia wake," akasema. Wataichukua ukiridhia, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Nipe neno lako.

Msalimie shemeji, na mwanao Kijiko umwambie shangazi yake anamkumbuka. Fundi viatu wa jirani anakupa pole nyingi. Mungu awafunike huko mliko.

Ndani ya bahasha nimekuwekea kipande cha uzi wa manjano. Kilikuwa bado kwenye sindano ya Mama, kaichomeka ndani ya kofia, kama mtu anayerudi sasa hivi.

Mdogo wako akupendaye.