Mzee Bandeji na Kingo za Manda

Dada Mwanaidi,

Salamu zako nitazileta mwishoni, kwa sababu nimeishika kalamu nikiwa na hasira na sitaki kukuficha. Dua nakuombea kila baada ya sala, kwa hilo usiwe na wasiwasi. Lakini kuna jambo umeniachia bila maelekezo, na kwa siku tatu limenitoa jasho jikoni kwako huku nimefunga. Wewe uliyeacha wosia wa kila kitu, mpaka mapazia ya sebuleni yafuliwe kwa maji gani, ulishindwa nini kunitajia Mzee Bandeji?

Tangu tulipokuzika mwezi wa nane nimehamia kwako hapa Bordesley Green. Nalala chumba cha nyuma, kile chenye dirisha lisilofunga. Hospitali nimeomba zamu za asubuhi tu ili nimuwahi Nasra akitoka shule. Shemeji bado yuko kiwandani Longbridge. Akirudi anakaa kwenye kiti chako bila kuwasha taa, na ukimsalimia anaitikia baada ya muda. Na mwanao, Dada, alikuwa hali chakula changu. Tosti anakula. Krispi anakula. Kwa jirani akiitwa anakula. Nikipika mimi, anaisukuma sahani taratibu, anasema asante, ameshiba. Mtoto wa miaka tisa ameshiba nini?

Shemeji naye aliona. Siku ya kwanza ya Ramadhani, akivaa viatu mlangoni, akaniambia: "Shemeji, Idi ikifika na hali ikiwa hivi hivi, nitampeleka Leicester kwa dada yangu. Kule kuna watoto wenzake." Aliyasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Wewe ulinishika mkono ukaniambia nimlee mimi. Leicester hukuitaja hata siku moja.

Basi Oktoba ikasogea, madukani ikawa maboga kila kona. Maboga ambayo kwetu Tanga tunayapika kwa nazi, wenzetu wanayatoboa macho. Jioni moja Nasra akaja jikoni mwenyewe, jambo ambalo alikuwa halifanyi, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama siku ya Halloween, ile sikukuu yao ya mizimu, tutamfanya Mzee Bandeji kwenye futari, kama mwaka jana. Nikamuuliza huyo ni nani. Akanieleza: mtu wa kima cha nyama, analala chali kwenye sinia, amezungushiwa bandeji za unga mwili mzima, macho ya zeituni, na pembeni sosi ya nyanya na ukwaju imemwagika kama damu. Eti mnamtengeneza kila mwaka, mnamwogopa kidogo, kisha mnamla.

Nilibaki na mwiko mkononi. Kila mwaka siku hiyo mimi niko kazini, na kila mwaka nikikuuliza mlikula nini unanijibu, "Kima tu, mdogo wangu." Kima tu! Wewe uliyenikataza kupiga mluzi ndani ya nyumba nisije nikaita majini.

Nikamwambia Nasra hizo ni sikukuu za watu, sisi hazituhusu. Kazini nikamsimulia Mama Njoki, yule Mkenya mlokole anayesali Handsworth, naye akasema hiyo ni siku ya shetani na wanawe hawatoki nje. Miaka minne tumebishana dini mimi na yeye, siku hiyo tukakubaliana. Nikarudi nyumbani nina ushahidi wa dini mbili. Nasra akanisikiliza mpaka mwisho, akapanda ngazi, na kuanzia hapo hata tosti akaiacha.

Alikaa hivyo siku mbili. Nikasalimu amri.

Hapo ndipo hasira yangu na wewe ilipoanza hasa. Daftari lako la jikoni nimelisoma jalada hadi jalada. Kisamvu kimo, mkate wa mchele umo, Mzee Bandeji hayumo. Na hata hivyo vilivyomo umeandika "chumvi kiasi", "unga kiasi", "pika mpaka iwe". Iwe nini, Dada? Ulikuwa unamwandikia nani?

Ijumaa nilinunua ule unga wa tabaka tabaka wanaouuza umegandishwa. Nikamfinyanga mtu wa kima, nikamzungushia, nikamtia kwenye oveni. Alitoka amevimba kama mto wa kulalia, mbavu zimepasuka, kima kinachungulia. Jumamosi nikakanda unga wa chapati. Huyo alitoka mgumu, shemeji akamkata kwa kisu cha nyama na bado ikabidi amshike kwa mkono wa pili. Na wote wawili chumvi ilikuwa mbaya, kwa sababu na hilo nalo umeniachia. Mimi nimefunga, siwezi kuonja. Nilikuja kujua kwamba Ramadhani zote muonja chumvi wako alikuwa Nasra. Anafunga nusu siku, anafungua saa sita, alasiri anasimama kwenye kigoda unampa kijiko. Mimi nikimpa kijiko anafumba mdomo. Kwa hiyo tangu mwezi uanze nyumba hii inafuturu ama maji ya bahari ama maji ya bomba.

Kila mara alisimama mlangoni akaangalia kazi yangu. "Not like that, Mamdogo," anasema. Nikimuuliza basi ni vipi, anaangalia friza, kisha ananiangalia mimi. Nikadhani anataka barafu ya kunyonya. Nikamwambia angoje futari.

Jumapili ndiyo siku yenyewe. Asubuhi saa zilikuwa zimerudishwa nyuma, kama wanavyofanya huku baridi ikikaribia, kwa hiyo Magharibi ikawa inaingia hata saa kumi na moja haijafika, na mimi muda sina. Nikakanda unga wa tatu, nikausukuma mwembamba sana, nikaukata mikanda. Nikamlaza mtu wangu kwenye sinia, nikaanza kumfunga. Safari hii unga ulinitii. Mikanda ilikaa sawasawa, myeupe, imenyooka. Nikafunika upande mmoja, nikafunika wa pili, nikabana miguuni. Nikabana kichwani.

Mikono yangu ilikuwa inaijua kazi ile, Dada. Ilikuwa inaijua kwa sababu iliifanya mwezi wa nane, kwenye chumba cha kuoshea cha msikiti, mimi na Bi Zuwena na yule mama wa Kisomali ambaye hata jina sikumuuliza. Nilisikia harufu ya karafuu maiti jikoni, naapa, na hakukuwa na karafuu maiti. Nikalinyanyua lile sinia nikalimimina lote kwenye pipa la taka.

Nilipogeuka Nasra alikuwa mlangoni. Na mimi, mtu mzima, mama wa kumlea, badala ya kunyamaza nikampandishia sauti. Nikamwambia, "Mama yako nimemfunga hivi kwa mikono hii. Siwezi kufunga nyama hivi nikaila. Usiniombe tena." Maneno yalishatoka. Hasira hasara, na mtoto yule hakuna aliyewahi kumweleza ulivyovikwa. Tulimpeleka kwa jirani siku ile asione kitu, na baada ya hapo kila mtu alidhani mwingine atamweleza.

Hakulia. Alinitazama kama mtu anayesahihisha hesabu ya mwenzake, akasema, "He's not dead, Mamdogo." Halafu akasema kwa Kiswahili, ambacho hajakitumia na mimi tangu uondoke, "Ni mgonjwa tu. Ndiyo maana ana bandeji."

Nikakaa kwenye kile kigoda chake. Akanieleza. Mwaka ule wa kwanza alikuwa na miaka sita, ulikuwa umerudi kutoka kufanyiwa operesheni, tumbo limefungwa, na yeye akawa anaogopa kukusogelea. Shuleni kwao walikuwa wamejaa watu wa bandeji wa Halloween, na yeye akaamini umekuwa mmoja wao. Basi ukamtengeneza Mzee Bandeji, ukampa kisu cha mezani, ukamwambia afungue mwenyewe aone. Akafungua, akakuta kima, na kifuani yai la kuchemsha, ukamwambia huo ndio moyo wake, mzima kabisa.

Mimi, Dada, uliniambia ni uvimbe mdogo. Mdogo wako wa tumbo moja, nafanya kazi hospitali, unaniambia uvimbe mdogo, umeshatoka, yamekwisha. Mtoto wa miaka sita ulimwambia ukweli, kwamba u mgonjwa, kwa kima na yai. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kimekuumbua mbele yangu, na sina wa kumgombeza. Hili ndilo linaloniuma kuliko unga wote nilioumwaga.

Kisha akaniuliza kama na wewe ulikuwa na bandeji. Nikamwambia hapana. Nikamwambia tulikuosha kwa maji ya vuguvugu, tukakutia manukato, tukakuvika nguo nyeupe mpya, vipande vitano, na kwamba nilikufunga kwa mkono mwepesi. Akauliza kama ulikuwa unaona baridi. Nikamwambia mtu akishafika huko baridi haimpati. Akafikiri, akakubali.

Ndipo akaenda kwenye friza. Akatoa mfuko wa njegere, akatoa wa samaki, akaingiza mkono mpaka chini kabisa, akaja na mfuko uliofungwa lile fundo lako la mara tatu. Ndani, kingo za manda. Zile pembe unazozikata pembeni ukishazibabua manda kwenye kikaango, ili vipande vya kufungia sambusa vitoke sawa. Wengine tunazitupa, au tunazikaanga watoto wakazitafuna. Wewe ulikuwa unaziweka, nyembamba, zina madoa ya kahawia ya moto, upana wake bandeji kabisa. Hizi ni za Julai, ulipopika sambusa za arusi ya mtoto wa Bi Zuwena, nawe hata kusimama ulikuwa huwezi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Akasema ilikuwa mifuko miwili.

Nilikumbuka palepale. Wiki ya msiba, nilipolisafisha friza ili chakula cha wageni kipate nafasi, niliokota mfuko wa makombo ya unga nikautupa. Sikufikiri hata mara mbili. Yeye alikuwa amesimama pale pale mlangoni, akaniona nautupa unga wa mama yake, akauficha uliobaki chini ya njegere. Na tangu siku hiyo hakula chakula cha mkono wangu. Na mimi nikaulaumu msiba, nikailaumu shule, nikakulaumu wewe kwa kumdekeza. Nyani haoni kundule.

Nilimwomba radhi. Sikumwambia kwamba ni makombo tu, kwa sababu siyo. Akasema, "It's OK," kisha akasema tumebakiwa na saa moja.

Tulimfanya pamoja. Yeye ndiye aliyejua kwamba kima lazima kipoe kwanza, kwamba kingo zinagandishwa kwa uji wa ngano kama sambusa, kwamba bandeji zinazungushwa ovyo ovyo, moja huku moja kule. Mkono wangu ulipotaka kuzinyoosha alinigonga vidole. "Mess it up, Mamdogo." Zikazungushwa ovyo, na zikiwa ovyo sikuona sanda tena. Yai akaliweka yeye. Na kabla hatujamfunga kifua, nilichota kima kijiko kimoja nikakisogeza mdomoni kwake. Akafumbua mdomo. Akatafuna, akaangalia juu, akasema chumvi imepungua. Nikageukia sinki nikafungua maji kwa nguvu.

Shemeji alirudi kutoka msikitini tukiwa tumeshaweka tende mezani. Aliona sinia, akasimama. Mzee Bandeji jicho moja lilikuwa limeteleza shavuni na mguu mmoja mfupi. Akafungua kwa tende na maji, akasali, akarudi, akakaa. "Mama yako alikuwa anaanzia kichwani," akamwambia Nasra, "eti asituone tunavyomla." Mtoto akacheka mpaka zeituni ikamtoka mdomoni. Alikula mkono mzima na nusu ya moyo. Leicester haikutajwa, na jana shemeji ameniuliza kama lile dirisha la chumba changu alifunge kabla baridi haijakaza.

Tulipokuwa bado mezani watoto wakagonga mlango wamevaa mashuka na meno ya plastiki. Sikuwa na pipi, nikawapa tende. Mmoja aliishika kama mende. Usimwambie Mama Njoki.

Sasa salamu zako, Dada. Bi Zuwena anakusalimu, shemeji anakusalimu, na Nasra amesema nikuandikie kwamba mguu ulikuwa mfupi kwa kosa langu. Bado nimekukasirikia kwa ule uvimbe mdogo, na nitakukasirikia hata Idi. Lakini nakuahidi: Shaaban ijayo nitasukuma manda mwenyewe, zangu mbovu mbovu, na hakuna ukingo hata mmoja utakaotupwa katika nyumba hii.

Zako hatukuzimaliza, tumetumia nusu. Mfuko nilitaka kuufunga kwa fundo lako nikashindwa, akaufunga Nasra. Kwa hiyo mwakani likinishinda kulifungua, nitamwita kutoka juu, naye atashuka.

Lala salama, dada yangu.

Mdogo wako,
Rehema