Skramu Yetu ya Mashine ya Mpunga

Garsen,
9 Septemba 1998.

Mpendwa mdogo wangu Omar,

Salamu nyingi zikufikie huko Amerika. Kifua chako na hiyo baridi vinaelewana? Mama yuko: anakula, anaswali, anagombana, kwa hiyo ni mzima. Nami usiulize, bahati imenivaa kama kanzu ya Idi! Tajiri mmoja wa Tarasaa kanifanya msimamizi wa karakana yake. Nakula pilau katikati ya wiki. Mtu aliyefika Mombasa na Kismayu akiwa utingo, hiyo ndiyo stahili yake.

Sasa ile Skramu, utaratibu wenu watu wa kompyuta wa kupanga kazi, uliyonieleza. Niliishika upesi, kichwa hiki hakikuacha darasa la sita kwa ujinga. Tukaitia kwenye mashine yetu ya kupura mpunga, ya kukanyaga kwa mguu. Mwanasiti, mkulima wa Idsowe, ndiye mwenye neno: yeye peke yake hupanga kipi kitangulie. Kila wiki mbili tumwonyeshe kitu kinachofanya kazi, si hadithi. Mimi Skramu Masta, siamrishi, naondoa vizuizi. Mashine isipokuwa tayari kabla ya mavuno, karakana yetu inafungwa, maana fedha zote zimo humo.

Kila asubuhi tulisimama, mimi, Kombe seremala na Dhadho wa kuchomelea. Jana umefanya nini? Leo je? Nini kinakuzuia? Eti tusimame ili maneno yawe mafupi! Salamu tu zilituchosha miguu: mke, watoto, ng'ombe, mto. Kisha Dhadho, kila siku: "Hakuna kizuizi, alhamdulillahi."

Omar, huku mtu akiulizwa hali husema njema hata akiwa amebeba jeneza. Hilo wenzako waliobuni Skramu hawakulijua.

Fremu ya Kombe ikapita, kanyagio likapita. Pipa la meno ya kupukutisha punje, kazi ya Dhadho, likaja mwisho, mavuno yakiwa mlangoni. Mwanasiti alipokanyaga, meno yaling'oka yakaruka hadi kwa kuku.

"Kassim mwanangu, hii inapura mpunga au inapura watu?"

Tukacheka. Dhadho hakucheka. Akapapasa pale alipochomelea. "Kaka, mwaka mzima siuoni mstari ninaouchomelea."

Daktari wa Malindi amesema macho hayarudi. Wanawake wamepura kwa fimbo kama zamani, karakana imefungwa, Kombe amerudi shambani Golbanti. Dhadho bado huja asubuhi, akipapasa njia kwa mkongojo. Tunasimama wawili.

Msalimie shemeji Hamdi, na umbusu mwanenu Safiya. Mungu akuweke karibu na watu wanaosema kinachowauma.

Wako akupendaye hata usipoandika,
kaka yako Kassim.

Nyongeza: Uliniuliza hali, nikajibu njema. Hakuna tajiri wa Tarasaa. Sina kazi, Omar.