Mkunjo wa Odile

Le Sentier, 12 Februari 1998

Kaka Thierry,

“Mkunjo huu ni falsafa ya Gaston, mwanzilishi wetu: wakati haunyooki.” Ndivyo ulivyoandika katika kijitabu cha saa yetu mpya. Uongo. Salamu lakini nakupa: Mama hajambo isipokuwa macho yasiyoona tena, mimi sijambo isipokuwa hasira.

Baba Gaston alikuwa muuzaji, tena hodari. Msumeno hakuujua. Mama ndiye aliyeitoboa ile saa ya kwanza, tunayoiiga sasa, kwa mkono, bamba kwa bamba, mpaka chuma kikabaki mifupa na mwanga ukapita. Na huo mkunjo ulizaliwa siku ng’ombe waliposhuka kutoka malisho ya mlimani. Kengele zao zilitikisa vioo, msumeno ukamponyoka, ukala pasipotakiwa. Mwingine angelitupa bamba. Mama alilifuata kosa kwa tupa hadi likapinda vizuri, kisha akakata mkunjo wa pili upande wa pili ili ufanane nalo. Wewe ulikuwa dirishani ukishangilia ng’ombe.

Saa inatoka Aprili. Andika jina lake, Odile, alisikie angali hai.

Dada yako,
Huguette

Geneva, 20 Februari 1998

Dada Huguette,

Barua imefika, bado ya moto. Sisi wazima, na watoto wazima, asante kwa kutouliza.

Nani atanunua saa ya dhahabu kwa sababu ng’ombe walipita? Jina lililo mlangoni ni la Baba, na wateja wanalipia jina. Tena Mama mwenyewe aliridhia nilipokuja Krismasi. Muulize. Ukimaliza, rudi kazini, mabamba yanakusubiri.

Kaka yako,
Thierry

Le Sentier, 9 Machi 1998

Kaka,

Hujambo? Wanao hawajambo? Safari hii nimeuliza.

Mama nilimkuta akinywa supu. “Thierry alikuuliza nini Krismasi?”

“Kama bado nampenda baba yenu. Nikasema nampenda, mjinga yule.”

“Hakuuliza nani alikata ile saa?”

Akacheka, supu ikamwagika. “Aulize nini? Si alikuwepo?”

Nikamwekea kiganjani bamba la saa mpya. Akapitisha ukucha katika kila kona, taratibu, hadi akafika kwenye mkunjo.

“Hapa ng’ombe,” akasema.

Sasa nijibu. Huko ndiko kuridhia kwake?

Dada yako,
Huguette

Le Sentier, 30 Machi 1998

Thierry,

Hukujibu. Badala yake vijitabu vipya vimefika hapa karakanani, na picha ya Baba “akiwa kazini”. Ameshika msumeno mpini ukiwa juu, kama mtu anayekata jibini. Sisi sote tunaushika mpini ukiwa chini ya bamba. Wenzangu wote mezani walicheka. Mimi sikucheka: umemvua Mama kazi yake, ukamvika Baba, na hata kumvika hukujua.

Nakala ya barua hii nimeibandika mlangoni, kwa hiyo yaliyobaki si yako. Ni ya wenzangu wa meza ya kukata.

Ninyi mnaoukata mkunjo ule kila siku, mnajua ulitoka mkono gani. Kesho asubuhi wekeni misumeno chini. Msiukate tena, hata mmoja, mpaka jina la Odile lichongwe kwenye bamba, mahali ukucha wake utakapolifikia.

Binti wa Odile,
Huguette