Alama ya Nyota Iliyozeeka

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Dodoma wamepiga tena. Ni kituo cha televisheni, wanataka mkalimani wa lugha ya alama kwenye taarifa ya habari. Kazi ya kudumu! Nimeomba wiki moja nifikirie.

Mama alikuwa pale pale anakunja vitenge. Hakusikia, bila shaka. Hasikii tangu homa ya utotoni kule Ndanda. Hapa kwenye fremu yetu ya duka Kariakoo mdomo wake ni mimi, tangu nikiwa na sare ya shule ya msingi. Kaka yangu Marcelino yuko Mbeya na familia yake. Salamu Krismasi, salamu Pasaka, basi.

Sijamwambia mama.

Jumatano, 8 Novemba

Mzee Abdulswamad, mwenyekiti wa chama chetu cha viziwi, ameniomba nitafsiri Jumamosi. Mhadhara wa nyota! Ukumbi mdogo wa Gerezani, halafu darubini juu ya paa, mawingu yakituonea huruma. Mhadhiri anaitwa Dokta Rogath. Mpole, ila anaongea mbio, balaa.

Leo tumekaa watatu kutafuta alama. Kuna nyota inaitwa Almach. Kwa macho ni moja — kumbe ziko nne! Kubwa lao imezeeka. Nikatoa alama ya uzee tuliyoizoea: mgongo umepinda, mkono kwenye bakora. Dokta akacheka. Anasema nyota ya namna hii ikizeeka hainyauki, inavimba. Mzee Abdulswamad akajaza mashavu, akaifumbua ngumi yake polepole mpaka vidole vyote vikatanuka. Tukatazamana. Hiyo hiyo!

Nimeirudia njia nzima hadi nyumbani. Watu wakanishangaa.

Ijumaa, 10 Novemba

Mvua. Maji hadi kizingitini. Mteja mmoja kapekua vitenge vyote, hataki hata kimoja. Mama kwa mikono: huyu kanuna utafikiri tulimvuta kwa kamba, aende zake. Mimi: "Mama anasema karibu tena, dada." Ndiyo kazi yangu dukani, kulainisha. Mama anaijua. Huwa tunacheka wakishaondoka.

Jioni akasema kesho naye anakuja kwenye nyota. Yeye! Hata harusi za majirani anazikwepa.

Jumamosi, 11 Novemba

Mikono inauma lakini sitalala kabla sijaandika.

Ukumbi ulijaa. Dokta alijitahidi, akawa anasimama kila baada ya sentensi anisubiri. Nilipotoa ile alama ya nyota iliyozeeka, ukumbi mzima ukaiga — mashavu yamejaa, ngumi zinafunguka. Watu wazima hao! Nilifurahi kama mtoto.

Yakaja maswali. Mama akanyoosha mkono.

Mkalimani hasemi "mama anauliza." Anayeuliza ndiye "mimi." Kwa hiyo nilisimama mbele ya watu wote nikasema kwa sauti yangu: "Mimi naitwa Clotilda. Nina duka la vitenge. Hiyo kubwa iliyozeeka, ndiyo inayozishikilia zile ndogo? Au zile ndogo ndizo zinazoogopa kuondoka?"

Vichwa vyote vikamgeukia mama.

Dokta alifikiri kwanza. Akasema zote zinashikana, hakuna anayemshika mwenzake peke yake. Ila nyota kubwa ikizidi kuzeeka hupukutisha mwili wake, inakuwa nyepesi, na mshiko wake unalegea. Zile ndogo zinasogea mbali. Ikipukutika taratibu, haziachi kuizunguka — zinaizunguka kwa mbali zaidi. Akageuka ubaoni, akachora.

Nikamtafsiria mama: zote zinashikana, haziachi kuzunguka.

Hayo tu. La kusogea mbali nililimeza.

Paani, mawingu yalipasuka kidogo. Kiziwi gizani ni kama amezibwa mdomo. Ukiwasha tochi ya simu ili mikono ionekane, wanaochungulia darubini wanalalamika. Ikabidi watu wachague, waone au waongee. Mama akachagua kuona. Alikaa kwenye ile lenzi hadi foleni ikaanza kuguna. Nami nikachungulia. Moja ya dhahabu, na pembeni yake kadogo ka buluu. Dokta anasema hako kadogo ndiko kenye zile tatu, zimekaribiana mno, darubini yake haiwezi kuzitenganisha.

Mama akanishika kiganja. Hakuandika herufi kwa kidole ndani yake. Kakishika tu, tukashuka ngazi.

Jumapili, 12 Novemba

Baada ya misa, chai mezani. Mama akasukuma kikombe pembeni, mikono yake ipate nafasi.

Alisema: yule Dokta alichora duara kubwa nje ya duara dogo. Niliona. Mikono yako ilibaki kwenye dogo. Pale hapakuwa dukani.



Akaendelea: ukiongea na simu, mkono wako mmoja nao unaongea. Hujijui. Dodoma umeitaja wiki nzima. Nilikuwa nasubiri uniambie kwa mikono miwili.

Nikamwambia. Yote — kazi, hofu, Marcelino, duka. Nililia. Yeye hakulia, alikasirika! Anauliza nani amenituma nimwonee huruma. Kisha akavuta kikombe chake, akamalizia chai. Hakusema nenda. Hakusema baki.

Jumatatu, 13 Novemba

Dukani. Wiki niliyoomba imeisha, leo Dodoma wanasubiri jibu. Mama ameweka stuli nyuma kabisa, karibu na marobota. Kwa mikono: kaa hapo, andika mambo yako, usitafsiri. Hata wakikuita.

Wa kwanza alinunua kwa kunyoosha kidole, rahisi. Mama akanitazama kwa madaha.

Sasa ameingia mama mmoja mwenye haraka. Anataka doti sita za sare ya msiba, zifanane, na anataka kujua kama rangi inatoka. Mama anamwonyesha pindo la kitenge. Siyo hilo aliloulizwa. Anachukua kikokotoo, anamwandikia bei. Mteja anatikisa kichwa, anapaza sauti, kana kwamba sauti ndiyo iliyopungua. Mama anachovya kona ya kitambaa kwenye glasi yake ya maji — kumbe alielewa! — lakini mteja ameshanigeukia mimi. "We dada, huyu mama anasemaje?"

Mama hajageuka. Anakamua ile kona, taratibu, mgongo wake kwangu.

"Dada, si nakuuliza wewe?"