Mizinga Chini ya Mapipa

Nyumbani kwa Shangazi Kezia,
Kisiwani Nantucket,
Tarehe 9, mwezi wa kumi, 1798.

Mpendwa mdogo wangu Obed,

Hujambo huko Paris? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Sisi wazima. Shangazi bado anapika supu ya samaki kama analisha mabaharia ishirini, na nisipomaliza ananisema.

Barua yako imefika. Unasema waziri amekubali kukusikiliza kuhusu fidia ya merikebu zetu tatu walizoteka Wafaransa, na kwamba utasimama umwambie: sisi wa Jumuiya ya Marafiki, dini yetu ni ya amani, hatubebi silaha, kaka yangu amethibitisha kwa mkono wake.

Obed, usisimame. Niliandika uongo.

Merikebu yangu ilikuwa na mizinga miwili. Niliinunua Boston kwa woga, nikaificha chini ya mapipa ya mafuta ya nyangumi. Sikuifyatua hata mara moja. Wafaransa walipoiona walicheka mpaka wakashika mbavu. "Ala! Watu wa amani, haya ndiyo mapipa yenu?" Wakaiandika kwenye hati yao. Waziri akiifungua hati hiyo, utaonekana mwongo wewe, na wenye zile merikebu mbili, ambao hawakuwa hata na bastola, watakosa fidia kwa sababu yangu.

Naona aibu, Obed. Juzi ibadani mzee Barzillai alinisifu mbele ya watu kwa ukweli wangu. Nikatazama viatu vyangu.

Jana nilimwambia Shangazi. Unajua nusu ya merikebu ile ndiyo urithi wote alioachiwa na marehemu mumewe. Akaweka mwiko chini. "Kumbe wewe Peleg ni mwoga hivyo! Haya, kaa uandike." Nikamwambia fidia yake itapotea. Akasema, "Merikebu imeshakwenda. Obed asiende nayo."

Humu ndani kuna hati yangu ya kukiri. Mpe waziri, ondoa merikebu yangu, zitetee zile mbili. Ibada ijayo nitasimama niseme mwenyewe. Wakinifukuza, wana haki.

Binamu Lovisa anakusalimu, anauliza utarudi lini. Mungu akulinde, akupe ulimi mwepesi mbele ya wakubwa.

Nakomea hapa. Shangazi amesimama mlangoni na shali yake. Barua hii ataipeleka bandarini mwenyewe. Anasema mimi haniamini tena.

Kaka yako, akupendaye hata katika aibu hii,
Peleg