Risiti Zinasema Kodi, Nyumba Niliinunua

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijatolewa nje. Mimi ni seremala, na miaka minne iliyopita rafiki wa marehemu baba, ninayemwita baba mdogo, aliniuzia nyumba ya vyumba vitatu kwa malipo ya kila mwezi, tukaandikiana mkataba kwamba atanipa hati nikimaliza, nikaezeka paa upya, nikaweka milango mitano ya mbao ngumu, ila mwaka wa pili akaniambia, “Mwanangu, watoto wakijua nimeuza watanikalia kooni, kwenye risiti tuandike kodi,” nami kwa heshima nikatia sahihi risiti ishirini na tisa, na sasa karakana imekosa kazi, nimechelewa miezi miwili, amekuja na mwanawe wa kwanza, ambaye ameazima futikamba yangu mwenyewe akapima madirisha huku akisema, “Mpangaji asiyelipa hufungasha,” na mzee anatazama sakafu tu. Nimepewa siku kumi na nne. Mke wangu ameanza kufunga vyombo, nami nafikiria kung’oa milango yangu niondoke nayo.

Seremala

Bwana Seremala, pole. Wewe hufumba jicho moja ili uone kama ubao umepinda; mbele ya risiti ulifumba yote mawili. Usiite hiyo heshima. Mlishirikiana kuwaficha watoto wake ukweli, na sasa mmoja wao anakupimia madirisha.

Hata hivyo, nyumba hujaipoteza. Mkataba wa kwanza unao? Mpe wakili nakala, halisi ubaki nao. Nenda wiki hii, si siku ya kumi na tatu. Kama huna ada, kituo cha msaada wa kisheria kitakusikiliza. Uliza kuhusu zuio la mahakama, kuhusu muda wa kulipa malimbikizo, na likishindikana hilo, kurudishiwa ulichotoa pamoja na thamani ya paa. Sheria hutofautiana, kwa hiyo siwezi kukuahidi ushindi. Malimbikizo yalipe kupitia benki, kwenye akaunti ya mzee, na uandike “ununuzi wa nyumba”. Usitie sahihi karatasi nyingine yoyote, wala usikabidhi ufunguo.

Mzee mwombe, kwa adabu na mbele ya wakili, awaambie wanawe ukweli. Akikataa, utausema wewe mahakamani, pamoja na sehemu yako ya uongo.

Mkeo afungue vyombo. Na milango usiiguse: hakimu atataka kujua ni mpangaji gani hutengeneza milango mitano ya mbao ngumu katika nyumba ya mtu mwingine.